Baada ya Kidato cha Nne: Kidato cha Tano, Chuo cha Kati au VETA?

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne mwezi Januari, familia nyingi huingia katika mjadala unaoanza na neno lisilofaa kuanzia. Neno hilo ni daraja. Mtoto amepata daraja la pili, basi aende kidato cha tano. Amepata la nne, atafutiwe chuo cha kati, yaani cha astashahada na stashahada. Amepata sifuri, basi VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi. Mgawanyo huo una ukweli kidogo ndani yake, lakini daraja ni jumla tu ya pointi za masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi (A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5, kwa hiyo pointi chache ndizo bora), na kati ya milango hii mitatu hakuna unaofunguliwa na jumla peke yake. Kinachofungua ni alama ya somo moja moja, na kinachomfikisha mtoto mwisho wa safari ni uwezo wa nyumbani kumgharimia kwa miaka yote inayotakiwa. Ulinganisho huu unamlenga mzazi, mlezi au mwalimu wa unasihi aliyeketi na mwanafunzi huku karatasi ya matokeo ikiwa mezani, kabla dirisha la kubadilisha machaguo katika mfumo wa TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, halijafungwa.

Wanafunzi wawili wa daraja moja

Tuwachukue wanafunzi wawili wa mfano, wote wakiwa na daraja la pili la pointi 20. Wa kwanza ana B ya Biolojia, na masomo sita yanayobaki, yakiwamo Kemia, Fizikia na Hisabati, yote ni C. Wa pili ana B za Kiswahili, Historia na Jiografia, C za Kiingereza na Uraia, D za Biolojia na Kemia, na F ya Hisabati ambayo haikuhesabiwa kwa kuwa haimo katika masomo saba bora. Majirani watawapongeza kwa maneno yaleyale, na pengine zawadi zitalingana. Hata hivyo, wa kwanza anaweza kuomba tahasusi (michepuo ya masomo matatu ya kidato cha tano) za sayansi, vyuo vya afya na vyuo vya uhandisi, ilhali wa pili ana njia pana katika masomo ya sanaa na lugha, njia nyembamba katika baadhi ya kozi za afya, na F moja ambayo itaendelea kumfuata kwa miaka mingi kuliko anavyodhani.

Hata hizo C za mwanafunzi wa kwanza zinahitaji kuchunguzwa. Katika kidato cha nne, alama C huanzia 45 na kuishia 64, kwa hiyo aliyepata 46 na aliyepata 63 wanaandikiwa herufi ileile. Kidato cha sita kina mizani nyingine: C huanzia 60, D ni 50 hadi 59, E ni 40 hadi 49, S ni 35 hadi 39, na chini ya hapo ni F. Maana yake ni kwamba mtoto mwenye C ya 46 katika Fizikia, akiingia kidato cha tano na kuendelea kwa kiwango kilekile, anaelekea kwenye E, na hapo hatujahesabu kwamba somo lenyewe limekuwa gumu zaidi. Karatasi ya matokeo haioneshi asilimia. Mwalimu wa somo, mitihani ya utamirifu ya mkoa na madaftari ya mazoezi ndivyo vinavyoweza kusema hiyo C ni ya aina gani, na ningeshauri mzazi aende kumuuliza mwalimu huyo kabla ya kumuuliza mtu mwingine yeyote.

Masharti ya kuingia

Kidato cha tano katika shule za serikali kinamtaka mwanafunzi awe na angalau alama C katika masomo matatu yasiyo ya dini, jumla ya pointi zake isizidi 25, yaani daraja la kwanza hadi la tatu, na asiwe na F katika somo lolote la tahasusi anayoiomba. Tangu mwaka 2024 tahasusi zimeongezwa na kufikia 65. Zile za zamani ambazo kila mtu anazijua, kama PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), zimebaki, na pamoja nazo zipo nyingine za lugha, sanaa, michezo na elimu ya dini. Uchaguzi umepanuka, lakini tahasusi mpya inafundishwa katika shule chache, na kwa baadhi yake bado ni vigumu kutaja kozi ya chuo kikuu inayoipokea moja kwa moja. Anayeichagua afanye hivyo akiwa tayari ameutazama mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu.

Vyuo vya kati, vile vilivyo chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, yaani NACTVET, vina sharti linaloonekana jepesi: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, hata kwa alama D. Wepesi huo una mipaka. Anayetaka kusomea utabibu lazima miongoni mwa hayo manne ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia; anayetaka famasi lazima awe na Kemia na Biolojia; kozi za uhandisi hutazama Hisabati na Fizikia. Tena, sharti la chini si hakikisho la nafasi. Vyuo vya serikali vyenye jina, kama Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha, Chuo cha Maji au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, hupata waombaji wengi kuliko viti, na mwenye D nne hushindana na mwenye C saba. Hapo ndipo wengi huishia vyuo binafsi, na hapo ndipo suala la fedha huingia.

VETA haina masharti makali ya alama, na wanaochukuliwa ni pamoja na waliomaliza darasa la saba. Nitairudia baadaye.

Hesabu ya miaka

Hofu kubwa ya wazazi kuhusu chuo cha kati ni kwamba mtoto "atakuwa amekata shule", kana kwamba shahada inapatikana kwa kupitia kidato cha sita tu. Tuihesabu miaka. Aliyefanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2025 akaenda kidato cha tano ataanza Julai 2026, atafanya mtihani wa kidato cha sita Mei 2028, atakwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria kwa miezi mitatu, na ataingia chuo kikuu mwishoni mwa 2028. Kwa shahada ya miaka mitatu atamaliza katikati ya 2031. Mwenzake aliyekwenda chuo cha kati mwishoni mwa 2026 atasoma miaka mitatu, kuanzia astashahada ya awali, kisha astashahada, hadi stashahada, na atamaliza katikati ya 2029. Akiingia chuo kikuu mwishoni mwa mwaka huo, shahada hiyohiyo ataipata 2032.

Tofauti ni mwaka mmoja. Ni mwaka ambao una gharama, siukatai, lakini si huo "muda mrefu" unaozungumzwa. Na mambo yakiharibika, hesabu inageuka. Mwanafunzi wa kidato cha sita aliyepata E moja na S mbili hawezi kwenda chuo kikuu, kwa sababu Tume ya Vyuo Vikuu, kwa kozi nyingi, inataka masomo mawili yenye alama kati ya A na E ambayo jumla yake haipungui pointi 4, kwa mizani ya A kuwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. E moja na S zinamruhusu kujiunga na stashahada ya miaka miwili. Ataanza mwishoni mwa 2028 na kuimaliza 2030, mwaka mmoja nyuma ya yule aliyekwenda chuoni moja kwa moja, na shahada yake itakuwa ya 2033. Kwa maneno mengine, kidato cha tano ndiyo njia fupi zaidi kwa anayefaulu na ndiyo njia ndefu zaidi kwa asiyefaulu, wakati chuo cha kati kiko katikati na hakiyumbi sana. Ndiyo maana nilisisitiza kujua C ni ya 46 au ya 63.

Jambo jingine ambalo miaka haioneshi ni kile ambacho kijana anacho mkononi akisimama njiani. Cheti cha kidato cha sita ni kibali cha kuendelea na masomo. Peke yake hakimpi kazi yenye jina. Mzazi akifariki, biashara ikianguka au mkopo ukikosekana, mwenye cheti hicho anabaki na cheti. Mwenye stashahada ya utabibu, uuguzi, upimaji ardhi au umeme ana taaluma, na katika fani za afya anaweza kusajiliwa na baraza la taaluma yake na kuomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira au hospitali binafsi. Sisemi kwamba ajira zinawasubiri. Wapo matabibu na wauguzi wengi waliokaa nyumbani kwa muda baada ya kuhitimu. Lakini kukaa nyumbani ukiwa na leseni ya taaluma na kukaa nyumbani ukiwa na cheti cha kidato cha sita ni hali mbili zisizofanana.

Gharama

Kwa upande wa ada, kidato cha tano na sita katika shule za serikali kinashinda bila ubishi. Elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016 hadi kidato cha nne iliongezwa hadi kidato cha sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Mzazi asidhani kwamba hakuna atakacholipa. Fomu ya kujiunga, ambayo watoto huiita "joining", ina orodha yake: godoro, shuka, ndoo, jembe au fyekeo, karatasi, sare, michango kadhaa; na kwa kuwa upangaji ni wa kitaifa, mtoto wa Mtwara anaweza kupangiwa Kagera, na nauli ya likizo mbili kwa mwaka ikawa gharama kubwa kuliko vyote. Hata hivyo, ukiweka hayo yote pamoja, bado ni pungufu sana ya chuo.

Chuo binafsi cha afya kwa kawaida hutoza ada inayozidi shilingi milioni moja kwa mwaka, na juu yake kuna hosteli, chakula, sare, vifaa, ada za mitihani na gharama za mafunzo ya vitendo hospitalini. Zidisha kwa mitatu. Familia nyingi huweza mwaka wa kwanza kwa kuuza ng'ombe au kiwanja, wa pili kwa kukopa kikoba, na wa tatu hukwama. Na chuo hakitoi matokeo kwa anayedaiwa. Nimekaa na wazazi wa namna hii zaidi ya mara moja, na karibu kila mara kosa lilikuwa lilelile: waliuliza ada ya mwaka, hawakuuliza ya kozi nzima. Vyuo vya serikali ni nafuu kuliko hivyo, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwamo afya, ualimu wa sayansi na hisabati, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Mwanafunzi wa stashahada ya uhusiano wa umma au ya uongozi wa ofisi asiweke matumaini katika mkopo huo.

Kwa anayekwenda kidato cha tano, mkopo wa Bodi huja baadaye, akifika chuo kikuu, na hakuna mwenye uhakika kama atapewa wote au asilimia. Ni vyema familia ijue mapema kwamba "bumu" (fedha za mkopo) linalosifiwa na wanafunzi si mali ya kila mwanafunzi.

F inayofuata mtu

Kuna sharti moja ambalo waombaji wengi wa vyuo vya kati hulijua wakiwa wamechelewa. Chuo kikuu kinapompokea mwenye stashahada, hakitazami stashahada pekee. Kinarudi nyuma na kukitazama cheti cha kidato cha nne. Stashahada yenye GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0 ndiyo kiwango cha kawaida, lakini pamoja nayo huhitajika ufaulu wa masomo fulani. Tabibu mwenye stashahada anayeomba shahada ya udaktari, kwa mfano, hutakiwa awe amepata angalau D katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Chuo cha utabibu kilimpokea bila Hisabati, akasoma miaka mitatu, akafanya kazi mitano, akaokoa maisha ya watu kijijini, na siku anaomba udaktari F yake ya Hisabati inamngoja pale pale alipoiacha.

Anayepitia kidato cha sita hukutana na jambo hili kwa namna tofauti. Kwa udaktari yeye hutakiwa afaulu Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu katika kidato cha sita. Hakuna somo la kuficha. PCB ni tahasusi ngumu, na kati ya wanaoingia nayo wakiota koti jeupe, si wachache wanaoishia kusoma shahada nyingine kabisa kwa sababu Fizikia iliwaangusha. Kwa mtu ambaye ndoto yake ni kazi ya hospitali kwa ujumla, si udaktari tu, chuo cha afya kinamfikisha wodini kwa uhakika mkubwa kuliko PCB. Kwa anayetaka udaktari na si kingine, na ana B za sayansi, PCB ndiyo njia yake, na ningemshauri asiikwepe.

VETA, kwa ufupi na bila dharau

VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa mafunzo ya ufundi stadi kwa ngazi tatu. Vyuo vyake viko katika mikoa na wilaya nyingi, na baadhi vina utaalamu wake: Kipawa kwa TEHAMA, Njiro mjini Arusha kwa hoteli na utalii. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na chuo chochote cha kati. Anayemaliza ufundi umeme, uchomeleaji, ufundi magari au mitambo anaweza kuanza kupata fedha akiwa na umri wa miaka 19 au 20, wakati mwenzake wa chuo kikuu bado yuko mwaka wa kwanza.

Udhaifu wake ni kwamba cheti bila mtaji wa vifaa humfanya fundi awe kibarua wa fundi mwingine kwa muda mrefu, na kwamba fani nyingine zina leseni zake; fundi umeme anayetaka kufunga nyaya kihalali, kwa mfano, hana budi kuwa na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Mzazi anayepanga kumpeleka mtoto VETA apange pia fedha za vifaa vya kuanzia, hata kama ni kidogo, kama ambavyo angepanga ada ya chuo. Aliyefika ngazi ya tatu na ana ufaulu kiasi wa kidato cha nne anaweza kuendelea katika vyuo vya kati kwa fani inayohusiana, kwa hiyo mlango wa juu haujafungwa, ingawa ni mzito.

Serikali imeanza mwaka 2024 kuwapokea kidato cha kwanza wa mkondo wa amali katika baadhi ya shule, na wao watafika kidato cha nne wakiwa na ufundi tayari. Kwa sasa, aliyesoma mkondo wa jumla ndiye anayepaswa kuamua kwa namna iliyoelezwa hapa.

Nani aende wapi

Mwanafunzi wa kwanza katika mfano wetu, yule wa C za sayansi, ndiye mgumu kumshauri. Ikiwa mwalimu wake anasema C zile zinakaribia 60, aende kidato cha tano, na hasa akipangiwa shule yenye maabara na walimu wa Fizikia. Ikiwa ni za 46 hadi 50, ningemwelekeza chuo cha serikali cha ufundi au afya, kwa kuwa ana Hisabati na sayansi zote tatu, na hakuna sharti la kidato cha nne litakalomzuia baadaye. Yeye ndiye hasa anayefaidika na njia ya stashahada, ingawa wazazi wengi humwona kuwa "amefaulu mno kwenda chuo".

Wa pili, mwenye B za Kiswahili, Historia na Jiografia, ana nafasi nzuri katika HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) au HGL, na kidato cha tano kinamfaa kwa sababu hakimgharimu sana na masomo yake yana nguvu. Swali lake ni la baada ya hapo. Shahada ya ualimu wa masomo ya sanaa ina wahitimu wengi wanaosubiri ajira, na akiingia HGL kwa sababu tu nafasi ilikuwepo, bila kujua ataelekea sheria, ualimu, mipango au utumishi wa umma, atajikuta mwaka 2028 akijaza kozi tano katika fomu ya maombi kwa kubahatisha. Akivutiwa na famasi kwa sababu D zake za Kemia na Biolojia zinamruhusu, aelezwe wazi kwamba ni ruhusa ya kuingia tu, na kwamba atasoma Kemia kila siku kwa miaka mitatu.

Wote wawili, kabla ya kulipia chochote kwa chuo chochote, watazame katika orodha ya NACTVET kama chuo kimesajiliwa na kama kozi yenyewe, si chuo tu, imepewa ithibati. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali na bado kikatangaza kozi ambayo hakijaruhusiwa kuitoa. Anayehitimu kozi ya namna hiyo hatapata namba ya uhakiki wa tuzo, ile AVN, na bila namba hiyo hakuna chuo kikuu kitakachopokea maombi yake.

Kuhusu F ya Hisabati ya mwanafunzi wa pili, isisubiri. Anaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na kuurisiti mtihani Novemba inayofuata, akijiandaa nyumbani kabla ya kuripoti shuleni, na kituo cha jioni cha masomo ya ziada kikimsaidia kwa miezi michache. D moja inatosha kwa masharti mengi. Kati ya Januari na Julai, kabla ya kuripoti kidato cha tano, ana miezi sita ambayo vijana wengi huimaliza kwenye simu, na hakuna kipindi kingine maishani mwake ambapo atakuwa na muda mrefu kama huo wa kurudia sehemu, asilimia na milinganyo bila somo jingine la kumsumbua.